Kiti Hakipoi

Siku maji yaliporudi mjini, binti wa Mtawala alianza kunuka kisima.

Haikuwa harufu ya uchafu. Uchafu una dawa yake, nayo ni sabuni. Hii ilikuwa harufu ya chini kabisa: kuvu ya mawe, kutu ya ndoo, chura, giza lililolowa. Mama yake ndiye aliyeisikia kwanza, asubuhi ya siku ya tatu, akimsuka nywele kwenye ukumbi wa nyuma. Alimwinamia utosini, akanusa, akabaki na kitana hewani.

"We mtoto, umeoga leo?"

"Nimeoga mara mbili, mama, maji yamerudi nitaachaje kuoga? Tena nimeogea bafu la nje, nikamkuta mke wa bawabu anafua mapazia, akaniambia mapazia yale hayajaona maji tangu mwanawe ana meno mawili, na sasa mwenyewe anakimbia, nikamwambia..."

Akaendelea hivyo mpaka msuko ukaisha. Ndiyo sababu walimwita Chiriku. Jina alilopewa na babu yake watu walilisahau zamani, maana tangu mtoto yule apate ulimi hakuwahi kuupumzisha. Sasa alikuwa msichana mkubwa, wa kuposwa, na mshenga mmoja aliwahi kuja na ujumbe wake, akakaribishwa na Chiriku mwenyewe mlangoni, akaondoka jioni hajapata nafasi ya kusema alichotumwa.

Mama Chiriku alimrudisha bafuni. Alimsugua kwa dodoki mpaka mgongo ukawiva, akampaka mafuta ya nywele, akamfukiza udi nguo hadi kope. Harufu ilibaki pale pale chini ya udi, ikingoja udi uishe.

"Labda ni maji yenyewe," mama mtu alisema mezani. "Yamelala muda mrefu kwenye mabomba."

Mtawala alirudisha kikombe chake kwenye kisahani, hajakinywa. Katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyeijua ile harufu, kwa sababu aliinusa juzi tu, akiwa amepiga magoti.

Mji wake ulikuwa mji wa watia rangi. Mtaa wote wa chini ulikuwa mapipa na kamba, na watu wake ungewajua popote kwa kucha zao: huyu wa bluu, yule wa manjano, yule wa rangi ya tofali. Kazi ya rangi ni kazi ya maji. Maji yalipokatika mapipa yalipasuka, kamba zikabaki tupu zikipigwa na vumbi, na wenye miguu wakaanza kuhama. Wasio na miguu, yaani vikongwe na vichanga, walibaki wakizikwa.

Mtawala hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe sasa hivi, maana baadaye itakuwa vigumu kuliamini. Alifungua tangi la jumba lake likagawiwa kikombe kikombe mpaka likalia ukavu. Aliagiza maji kwa magari kutoka mbali. Alifunga pamoja na waliofunga, akaenda kwenye mazishi yote. Lakini moyoni alikuwa na kidonda kimoja kisichopona, na kidonda hicho kilikuwa mdogo wake.

Mdogo mtu walimwita Kicheko. Mtawala akipita mtaani, watu walisimama wima. Kicheko akipita, walimwita ndani. Wakati wa kiu ndiye aliyeonekana na madumu begani, akiwapelekea ajuza waliolala, huku akiwatania kwamba amekuja kuwaposa. Basi watu wakaanza kusema, si kwa sauti, "Laiti angekuwa yeye." Hawakuimaliza sentensi hiyo. Kaka yake aliimalizia mwenyewe akiwa kitandani.

Na katika jumba lile kulikuwa na mwiko mmoja mkubwa kuliko yote: kiti cha utawala hakipoi. Mtawala akinyanyuka, hata kama ni kwenda msalani, mtu wa damu yake hukikalia papo hapo mpaka arudi. Kiti kikipoa mji umebaki yatima, ndivyo walivyoamini, na walilishika jambo hilo kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto barabarani. Tangu baba yao afe, mshika kiti alikuwa Kicheko. Alikaa pale na karanga mfukoni akipiga soga na wapishi, na kaka yake akirudi aliruka chini na kusema, "Chukua moto wako, kaka, umenichoma makalio vya kutosha." Wapishi walicheka. Mtawala naye alicheka, meno matupu.

Basi juzi hiyo, jua likiwa utosini, Mtawala alikwenda peke yake kwenye kisima kilichoachwa nyuma ya machinjio ya zamani. Wote walijua mwenye kisima kile ndiye aliyeyashika maji, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Alipiga magoti kwenye ukingo, akaita. Kwanza ilimjia harufu. Kisha ikapanda sauti, taratibu, sauti ya mtu anayesema na maji mdomoni.

"Unataka maji."

"Nataka maji."

"Nipe wa kwako."

"Nitakupa ng'ombe. Zizi zima."

"Ng'ombe ni wa majani. Nimesema wa kwako."

Mtu mwingine angefikiri sana pale. Yeye hakufikiri sana, kwa kuwa jawabu lilikuwa tayari moyoni, limelala humo miaka. "Nitakupa yule nitakayemkuta kwenye kiti changu nikirudi," alisema.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Apa."

Akaapa. Aliapa kwa kaburi la baba yake, na kwa uhai wa kila atakayekunywa maji ya mji ule. Alirudi akilia njia nzima. Machozi yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa mazito, na alipofika kwenye lango alikuwa ameshapanga maneno atakayosema matangani: jinsi alivyompenda mdogo wake, jinsi mji ulivyoondokewa na furaha. Alipanda ngazi, akasukuma mlango wa ukumbi.

Chiriku alikuwa kwenye kiti, miguu inaning'inia, maganda ya karanga yamejaa mapajani.

"Shikamoo baba! Usinigombeze, baba mdogo tumbo limemkata, sijui kala nini, kakimbilia chooni anashika kuta, analia kiti kitapoa, kiti kitapoa, nikamwambia kwani mimi si damu? Toka, nenda, nitakishika mimi. Mbona kigumu hivi baba, wewe unakikaliaje siku nzima?"

Hakuna mwiko uliomkataza mwanamke kukikalia. Haikuwahi kutokea tu. Mtawala, aliyejiona amepima kila kitu kule kisimani, alisahau kwamba binti naye ni damu.

Nyuma ya mgongo wa Chiriku, ndani ya ukuta, bomba likakohoa. Likatema kutu, likatema hewa, kisha likaanza kumwaga, na mji mzima ukapiga vigelegele.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na sasa binti alinuka kisima, na baba alinyamaza.

Baada ya harufu zikaja nyayo. Chiriku akipita kwenye ukumbi na miguu mikavu, pembeni mwa nyayo zake zilibaki nyayo nyingine, za maji, ndefu mno kwa mguu wa mtu, zikiongozana naye kama watu wawili wanaokwenda kuteka. Ziliingia naye chumbani. Hazikutoka.

Kisha mchana mmoja Mama Chiriku alimsikia mwanawe akizungumza chumbani peke yake. Hilo halikumshangaza, kwani mtoto yule angeweza kuzungumza na kabati. Lakini alisimama nje ya mlango akasikiliza. Chiriku alikuwa akisema, kisha akinyamaza. Akisema, kisha akinyamaza, muda mrefu, kama mtu anayesikiliza anachojibiwa. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikiliza mtu namna ile.

"Ulikuwa unaongea na nani, mama?" alimuuliza baada ya kuingia.

"Na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba gani? Nyumba hii ni ya baba yako."

"Si hii," Chiriku alijibu, akitazama chini kwenye beseni la kunawia. "Ile ninayohamia." Halafu akapepesa macho, akaanza kusimulia habari za kitambaa alichoahidiwa na watia rangi.

Mtawala naye alikuwa na yake. Kila maji yalipomwagwa mbele yake, yalisema. Mpishi aliinamisha birika juu ya kikombe, na maji yakitoka yakasema, kwa ile ile sauti ya mdomo uliojaa, "Lini?" Mpishi hakusikia kitu, akauliza kama aongeze sukari. Aliponawa mikono, "Lini?" Dobi alipokamua shuka uani, "Lini?" Akaacha kunawa, akaacha chai, akawa ananyata katika jumba lake mwenyewe akikwepa mitungi, lakini bafuni bomba lilivuja tone tone, na kila tone lilimuuliza, naye alilala amejiziba masikio kwa mto akijua kwamba hata akiyaziba kuna mate mdomoni mwake na machozi machoni mwake na kwamba siku si nyingi nayo yataanza kuuliza.

Ndipo wakaja watia rangi kutoa shukrani. Walijaa barazani na vitambaa vya bluu mpya, bluu ya kuumiza macho, wakaimba, na mkuu wao akamvika Mtawala joho walilolitia rangi kwa maji ya kwanza. "Baba wa Maji!" walimwita. "Umetufufua, Mtukufu. Tungekwisha." Kulikuwa na mama mmoja aliyemnyanyua kichanga chake juu ili amwone. Mtawala alikigusa shavu. Kilikuwa kimenona.

Walipotoka walimwita bawabu awafungulie. Bawabu hakuinuka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, kikombe cha maji nusu kando yake, na alikuwa amekauka. Si kufa tu. Alikauka, ngozi imeng'ang'ania mfupa, macho yamerudi ndani, ulimi mdogo mweusi. Mkuu wa watia rangi alimgusa bega, na bega likalia kama jani.

Alasiri hiyo Kicheko ndiye aliyemleta mganga, kwa mlango wa jikoni. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mnene, ana jasho, na mkoba wa fundi seremala, na alizunguka nyumba nzima akigonga mabomba na kuchungulia chini ya vitanda kama aliyeitiwa panya. Mwisho aliketi mbele ya Mtawala, akajifuta shingo. Kicheko alisimama mlangoni.

"Mtukufu," mganga alisema kwa sauti ya chini, "kuna jini mwizi na kuna jini mdai. Mwizi namfukuza leo leo, hata kwa ufagio. Huyu wako ni mdai. Mtu hamfukuzi anayedai haki yake. Ulimwahidi nini?"

Mtawala akamweleza habari ya kiti kwa mnong'ono, Kicheko asisikie.

"Na uliapa kwa kitu gani?"

Akamweleza hilo pia. Mganga alifumba macho kidogo. "Basi ndiyo habari ya bawabu," alisema. "Ukimchelewesha atawachukua mmoja mmoja, wote waliokunywa. Umempa ruhusa mwenyewe." Akainama karibu zaidi. "Sasa nijibu hili, na ujibu kweli. Ulipotamka yule nitakayemkuta kwenye kiti, moyoni ulimkusudia nani?"

Pale mlangoni Kicheko alikuwa anafuta machozi kwa ajili ya bawabu, kwa ukingo wa shati, kama mtoto.

"Sikumkusudia mtu," Mtawala alisema.

"Mtukufu, hapa si barazani. Nauliza tena."

"Sikumkusudia mtu! Ningemkusudia nani?"

"Basi heri," mganga alisema akinyanyuka. "Mdomo una deni moja. Moyo nao ungekuwa na la kwake, yangekuwa mawili, na hapo mimi ningekimbia." Waliomletea chai aliwashukuru sana, hakuigusa. Alikunywa maji ya chupa yake mwenyewe, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Kabla jua halijazama walikuwa wamekauka wengine: mfua nguo mmoja ameinamia karo, na mzee aliyekuwa akinawa uso. Na kile kichanga kilichonona, kilikaukia kwenye ziwa la mama yake, naye alimbeba mpaka lango la jumba akipiga kelele kwamba mwanawe amekuwa mwepesi, mwepesi, mbona mwanawe amekuwa mwepesi. Mtawala alimsikia kutoka dirishani.

Akamwendea mkewe. Alimweleza yote, isipokuwa lile moja. Mama Chiriku alisikiliza ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Tuhame," alinong'ona. "Sasa hivi. Tumchukue mtoto tuondoke."

"Watakufa wote, Mama Chiriku. Mji mzima."

"Wafe!"

Alilisema bila kusita, macho makavu, na mumewe akaona aibu kwamba si yeye aliyelisema kwanza. Alitamani alichukue neno lile walitumie, waondoke watatu na vichwa vyao, mji ubaki na vilio vyake. Lakini neno halikutosha.

"Na wewe umekunywa," alimwambia. "Na mimi. Na yeye mwenyewe amekunywa, tangu siku ya kwanza. Tukimficha atakauka mikononi mwetu."

Mama Chiriku alimkamata kwa nguo kifuani. "Basi akauke mikononi mwangu, mimi nimwone! Usimpeleke kwenye shimo, Baba Chiriku. Nakuomba. Usimpeleke kwa mkono wako."

Mtawala alimpenda binti yake. Alimpenda kwa namna ambayo hakuwahi kumpenda mtu, kwa kelele zake, kwa kuwa yeye pekee hakumwogopa. Na alikuwa na mji uliokuwa ukikauka mtu baada ya mtu kwa kiapo chake. Alikesha na mawili hayo na hakuna lililompisha mwenzake. Siku ya pili jua lilipokaribia utosi, alimfungia mkewe chumbani kwa nje, ufunguo akatia mfukoni, akamshika Chiriku mkono.

"Twende tukatoe shukrani kisimani, mwanangu."

"Najua tunakokwenda, baba," Chiriku alisema. "Ameshaniambia."

Na akazungumza njia nzima. Alizungumza haraka haraka, bila kituo, juu ya mbuzi waliopita na mawingu na kiatu kinachombana na rafiki yake mwenye mimba na kama atazaa wa kiume watamwita nani, sauti ikipanda na kutetemeka, na baba yake alielewa kwamba mtoto anasema kwa sababu akinyamaza atasikia, akambana mkono zaidi, na katikati ya maneno yale, bila kubadilisha sauti, Chiriku akauliza, "Baba, inauma?" na kabla hajajibiwa akarudi kwenye habari za kiatu.

Walikuwa wamefika ukingoni waliposikia miguu ikikimbia nyuma ya machinjio. Alikuwa Kicheko, kifua wazi, anahema.

"Kaka! Shemeji anavunja mlango! Amenieleza yote kwa tundu la ufunguo. Mwache mtoto, kaka!"

"Umeacha kiti?" Mtawala aliuliza. Hilo ndilo lililomtoka kwanza.

"Kiti na kipoe! Mwache mtoto!"

Kisima kikapumua. Harufu ikawajaa puani, baridi ikapanda kwenye jua kali lile mpaka vinyweleo vikawasimama, na ndani kule chini maji yalianza kusogea juu pasipo kishindo, yakipanda kama maziwa yanavyopanda jikoni.

"Lini?" yaliuliza.

"Leo," Mtawala alijibu. Lakini mkono ulikataa kufunguka. Alijaribu, vidole vikabaki vimeshika kiganja cha binti yake, na akaanza kulia kama hajawahi kulia tangu utoto. "Siwezi," alisema. "Siwezi, siwezi. Chukua mji. Nichukue mimi."

"Wewe hukuwa kwenye kiti," sauti ilisema, kwa upole wa kutisha. "Nijibu kimoja tu. Ulimkusudia nani?"

Chiriku alimtazama baba yake. Kicheko alimtazama. Mtawala aliona mlango mdogo umefunguka gizani. Akisema kweli, labda binti ataachiwa, aliyekusudiwa atwaliwe, na mambo yakae kama yalivyopangwa tangu mwanzo. Jini hakuwa ameahidi hivyo. Jini hakuwa ameahidi kitu chochote, na hilo Mtawala alikuja kulikumbuka kila siku iliyobaki ya maisha yake.

Akanyoosha mkono uliokuwa huru. "Yeye," alisema. "Nilimkusudia yeye, tangu mwanzo. Mchukue yeye, niachie mwanangu!"

Kicheko alicheka kwanza. Alicheka kama kawaida yake, akingoja mzaha ufike mwisho. Kisha akautazama uso wa kaka yake, akaona hakuna mzaha.

"Mimi, kaka?" alisema. "Si ungeniambia tu. Ningekuja mwenyewe."

"Mdomo uliniahidi mmoja," sauti ilisema, "na moyo mwingine. Nilikuwa na wasiwasi na wa pili. Sasa umemtaja. Nimepokea wote."

Maji yakafika ukingoni, yakavuka, meupe, safi, yakawafunika wawili wale kuanzia miguuni kwa utaratibu wa mama anayefunika watoto shuka. Chiriku aliita, "Baba, shika..." Mtawala alishika. Alishika kwa nguvu zake zote, kwa kucha, kwa meno yaliyouma, na maji yaliposhuka yakarudi chini alikuwa bado ameshika, ngumi imefungwa barabara, na ndani ya ngumi hamna kitu ila maji.

Tangu siku ile hakukauka mtu mwingine. Mapipa ya mtaa wa chini yalijaa, kamba zikapendeza. Watu waliambiwa kwamba binti na mdogo wa Mtawala walitumbukia wakitafuta chanzo cha maji, wakawalilia kwa haki, na Kicheko akaliliwa zaidi, na walipomaliza wakamwita kaka yake Baba wa Maji kwa heshima kubwa kuliko kwanza.

Mama Chiriku hakulia. Alilala kitandani mwa mwanawe, akageukia ukuta, na hakunywa. Si maji, si chai, si uji. Midomo ilimpasuka. Macho yalizama. Mtawala alimjia na kikombe kwa mkono wake, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kunywa, mke wangu. Utakufa."

"Nini hicho?"

"Maji."

"Siyo maji hayo," alisema, akauma meno.

Aliketi naye pale na kile kikombe. Alibembeleza, akakemea, akaomba. Joto lilikuwa kali, madirisha yamefungwa, koo lake mwenyewe limekauka kwa kusema, na saa zikapita, na mtu ni mtu. Alikitazama kikombe. Akanywa. Yalikuwa matamu, na akayamaliza yote.

Ikasikika sauti ndani ya tumbo lake.

"Mama? Mama upo hapo? Huku kuna baridi mama, halafu giza, halafu baba mdogo hasemi kitu, nimemsemesha mpaka nimechoka, amekaa tu, na kuna mtoto mchanga huku analia hana wa kumbeba, nimembeba mimi, mama, yule mwenye nyumba amesema nikiacha kusema ndipo..."

Ikafifia. Ikabaki mgugumio, kisha kimya.

Mama Chiriku aligeuka. Alijiinua kwa viwiko, mifupa ikimlia, akaweka sikio juu ya tumbo la mumewe, akasikiliza. Uso wake uliokuwa umekufa ukawa hai. Alishuka kitandani, akatambaa mpaka kwenye mtungi, akateka kikombe pomoni, akarudi nacho bila kumwaga tone.

"Kunywa," alisema.

Mtawala akanywa. Sauti ikarudi. Mama Chiriku alilala kifuani pake na macho yamefumba, akitabasamu, akiitika, "Naam, mwanangu. Naam. Nipo." Ilipofifia akateka tena. Akanywa. Akateka tena. Tumbo likamvimba likang'aa kama ngoma, maji yakamtoka puani, akamwomba kwa ishara ya mkono ampumzishe, naye akamshika kisogo kwa nguvu ambazo hakujua mwanamke yule bado anazo, akamrudishia kikombe mdomoni.

"Kunywa, Baba Chiriku," alimnong'oneza. "Mwanangu hajamaliza kusema."